Koti la Kapteni Brask

Jumatatu, 6 Juni 2005
Habari njema! Wakimbizi wa Zuhura, ile hadithi ya anga tuliyotazama kwa kanda tukiwa vijana, imetengenezwa upya. Nimepata DVD zote. Nitaonyesha hapa kwa ukumbi wangu wa video, sehemu moja moja kila jioni. Machakos nzima inajua mimi ndiye Kapteni Brask, shujaa wake. Hata koti lake jekundu niko nalo, alinishonea Munyiva, fundi wa sokoni. Mutiso wa hoteli jirani nilimbatiza Pimbo, yule mpishi mwoga wa kujificha ndani ya gunia la unga. Jina likamganda. Munyiva amekubali kuja. Akimwona Brask upya, ndoa ni yangu.

Jumatano, 8 Juni
Kapteni wa meli sasa ni mwanamke! Sikuwa nimeitazama kwanza. Mimi ndiye mtafsiri, nimesimama kando ya TV na koti langu, basi nikawaambia huyo ni mke wa Brask, amemshikia kiti. Mzee Ndambuki akauliza Brask mwenyewe yuko wapi. Nikasema ameenda choo. Choo cha saa nzima. Munyiva alicheka hadi machozi. Nimechukua hiyo kama dalili nzuri.

Ijumaa, 10 Juni
Brask ametokea, na ukapteni hana tena. Heri angebaki chooni. Siku hizi ni mlevi, na amewauzia maadui mafuta ya meli. Nikatafsiri kwamba anawapima akili. Nani aliamini? Pimbo naye akazima moto na kubeba watoto mgongoni. Watu wakampigia Mutiso makofi, na alikuwa ameketi tu akila njugu! Munyiva akasonga, akampa nafasi kwa benchi. Iliniuma, sidanganyi.

Jumapili, 12 Juni
Nikavua koti, nikavaa aproni. Nikatangaza Pimbo halisi ni mimi, nikawapikia wateja muthokoi wa mahindi na maharagwe. Chini uliungua, juu ulikuwa mbichi. Jioni, kwa TV, Pimbo akaliwa na mmea. Mutiso akanipa pole, akaondoka na Munyiva. Niliwasikia wakitaja mbuzi, na si wa kuchoma, wa mahari.

Jumanne, 14 Juni
Nimefikiri sana. Kosa si langu, nilichagua mtu mbaya tu. Daktari wa meli ametulia, hanywi, hakuna mmea umemkaribia. Nikampelekea Munyiva kitambaa cheupe cha koti la daktari. Akanipima mabega, kisha akasema, "Mutiso alikuja kwetu bila koti la mtu. Na wewe, Nzomo, utaanza lini kuwa Nzomo?"

Nikamwambia Jumatatu, koti likiwa tayari.