Inchi Tatu Kila Upande

Jumatatu, 14 Aprili 1958

Kikao cha akina mama wa kanisa. Jambo la kwanza: maua. Jambo la pili: Jepkosgei, binti ya Chelangat, anaolewa Jumamosi ya tarehe 26 na Micah, karani wa stoo ya mizigo. Bibi harusi atoke kwao Mau Narok, aletwe kanisani hapa Nakuru. Kwa gari la nani?

Cheptoo akawahi. Akasema Chevrolet ya mume wake iko tayari. Cheptoo hutaja Chevrolet kila baada ya sentensi mbili, hata kwenye maombi. Mimi nikasema tuna Ford. Hapo Cheptoo akaeleza kikao, kwa upole wa nesi, kwamba barabara ya Mau Narok imechimbwa na malori ya mashamba. Kwamba malori ni mapana na Ford yetu ni nyembamba. Kwa hiyo gurudumu moja huingia kwenye mfereji na lingine hupanda tuta, na bibi harusi atafika kanisani amelala ubavu. Wakacheka wote. Mke wa padri alijifunika uso kwa kitabu cha nyimbo, lakini mabega yalimsaliti.

Ni kweli gari letu hulala ubavu. Si jambo la kusema mbele ya watu.

Nikarudi nyumbani, landi za reli, nyumba za wafanyakazi, nikiwaka. Mume wangu, Baba Achola, hayupo. Yeye ni fayamani, hutia makaa kwenye gari la moshi, na amepelekwa Timboroa zaidi ya wiki mbili. Ufunguo wa Ford uko msumarini. Aliagiza jambo moja tu: ndugu yangu Masinde awashe injini kila Jumapili, betri isife. Kuhusu magurudumu hakusema chochote.

Jumatano, 16 Aprili

Nimefikiri siku mbili huku nikishona. Shida si gari. Shida ni nafasi kati ya magurudumu. Nguo ikibana, fundi hufungua mshono akaongeza kitambaa kila upande. Mimi ni fundi wa nguo miaka kumi na moja. Sioni gari litanishinda vipi.

Nilikwenda na futi yangu mpaka pale barabara ya Mau Narok inapoanza, nikalala chini kupima mifereji ya malori. Memsahib mmoja akasimamisha gari, akauliza kama mimi ni mgonjwa. Nikamwambia napima nguo. Akaondoka haraka.

Matokeo: Ford inapungukiwa inchi sita. Tatu kushoto, tatu kulia. Hesabu safi.

Ijumaa, 18 Aprili

Siku ya kuchagua. Nilianza kwa fundi Kalasinga, karibu na stesheni. Alinielewa mara moja. Alisema kitu ninachotaka kinaitwa spesa: kipande cha duara kinachokaa kati ya gurudumu na habu, kile kitovu linapofungwa, kinasukuma gurudumu nje. Nilifurahi kusikia nimebuni kitu chenye jina tayari. Kisha akaanza kukatisha tamaa. Akasema iwe ya chuma. Isizidi inchi moja. Ikae imebana kwenye habu bila kucheza. Boliti ziwe ndefu na nati zishike mizunguko ya kutosha. Na kazi ni wiki tatu. Akamaliza kwa kuuliza gari ni la nani, na kwa nini tusimngoje mwenyewe. Nikamuaga kwa heshima.

Wa pili, muuza vyuma chakavu. Alikuwa na visahani vya jembe la trekta, vinne, kila kimoja unene wake. Gari lingesimama kama meza ya hotelini. Nikakataa. Ninajua kuchagua.

Wa tatu, Ndung'u wa Bondeni, seremala wa mikokoteni. Akasema chuma ni cha nini, wakati mti wa mwerezi wa Mau hauozi? Inchi tatu si neno, hata saba angeniwekea. Aliuliza kitu kimoja tu: gari lina uzito gani. Nikamwambia kama mkokoteni wa viazi. Akaridhika. Zitakuwa tayari Jumanne. Badala yake nitamshonea mashati mawili. Boliti ndefu atazitoa kwenye haro kuukuu la kuvunjia madongo shambani.

Huyo ndiye fundi. Hakuuliza gari ni la nani.

Jumapili, 20 Aprili

Baada ya ibada Chelangat alikuja kutazama magari yote mawili. Chevrolet ilikuwa inang'aa. Ford ilikuwa imeegemea ukuta, kwa sababu ya breki. Nikamweleza kwamba gari letu liko njiani kunenepa. Hakunielewa, ila ni mtu wa adabu.

Kisha Cheptoo akajiharibia. Akatoa masharti: yeye mwenyewe akae mbele, na kofia yake, bibi harusi na mama yake wakae nyuma. Chelangat akaipima ile kofia kwa macho. Akasema basi binti atakuja kwa gari la Mama Achola.

Nimeshinda. Nimemwandikia Baba Achola barua: huku wote wazima, gari linapewa mazoezi.

Jumanne, 22 Aprili

Kazi imefanyika. Masinde, aliyewahi kuendesha trekta Bahati, aliinua gari kwa jeki. Tukagonga boliti za zamani zikatoka, tukaingiza za haro. Mbili zilikataa mpaka nikazipaka samli. Spesa moja Ndung'u alikuwa ameitoboa matundu manne badala ya matano. Alisema la tano ni mapambo. Nikamlazimisha akatoboa. Mimi siyo mtu wa kulipua kazi.

Nilizipaka rangi nyekundu. Gari liliposhushwa, magurudumu yalikuwa yametoka nje ya madigadi kama masikio ya punda. Majirani wakatoka wote kutazama. Mtoto mmoja akalia. Wangare, jirani yangu wa ukuta mmoja, akauliza kama limevimba. Wivu.

Masinde akalizungusha landi. Akasema usukani umekuwa mzito kama wa trekta, na akitaka kukata kona tairi inasugua madigadi na kugoma. Kuligeuza kulihitaji uwanja wote wa mpira, na mechi ilikuwa inaendelea. Nikamwambia bibi harusi hatafuti kona. Anatafuta kanisa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Majaribio mpaka Njoro. Faida: gari halikulala hata kidogo. Nilikaa wima kama mke wa gavana. Hasara ndogo mbili. Moja: mti unajibana, nati zinalegea, kwa hiyo kila maili tatu Masinde anashuka na spana. Nyingine: kwa kuwa tairi ziko nje ya madigadi, matope hayana kinachoyazuia. Yanaruka juu, yanaingia dirishani. Nimekula kiasi.

Dawa: tutafunga madirisha. Dirisha la nyuma kulia halifungi. Dawa: Chelangat atakaa upande huo.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika yote, sitaficha kitu.

Kupanda kulikuwa raha. Magurudumu yaliingia kwenye mifereji ya malori, yakatulia, gari likaenda kama liko kwenye reli. Masinde aliachilia usukani akala muhindi. Tulifika Mau Narok saa tatu asubuhi. Jepkosgei akatoka na gauni nililolishona mwenyewe, jeupe, la kufika chini, lesi tabaka mbili. Wazee wa kwao walilisifu gari. Mmoja aligusa spesa, akauliza kama ni dini.

Kurudi, mvua ikafungua milango yote. Mifereji ilikuwa imechimbika mpaka magotini. Chelangat alikaa dirishani kwa ujasiri, lakini matope hayakutosheka naye, yakampita. Nikasikia binti akivuta pumzi. Sikugeuka.

Karibu na Njoro kuna njia panda. Kushoto, Nakuru. Kulia, shamba la mzungu mmoja. Lori la maziwa huenda kule kila siku, na mifereji yake mirefu, mizito, ilikuwa inakata kulia. Masinde akazungusha usukani kushoto. Gari likaenda kulia. Akazungusha tena. Tairi zikasugua madigadi, zikanung'unika, zikabaki kwenye mfereji. Nilikuwa nimepima vizuri mno. Hakukuwa na nafasi hata ya kidole.

Tukashindwa kusimama, kwa sababu ya breki. Tukapita lango la shamba. Askari wa lango akapiga saluti, nadhani kwa ajili ya rangi nyekundu. Tukapita kambi ya vibarua. Tukapita mbwa. Mfereji ukaishia uwanjani, pale lori la maziwa hugeukia, mbele ya josho la ng'ombe, lile handaki refu la dawa ya kupe. Ng'ombe walikuwa kwenye foleni. Tukaingia foleni. Hapo gurudumu la mbele likatoa sauti kama kuni zinapopasuliwa, na Ford ikapiga magoti.

Mvua. Ng'ombe mmoja akachungulia ndani.

Chelangat akainua pindo kwa vidole viwili. Hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa anaangalia gauni la binti yake, tabaka la chini lote rangi ya udongo. Nikaanza kueleza habari za mti wa mwerezi. Jepkosgei akanikatiza.

"Mama Achola," akasema, "una mkasi?"

Nilikuwa nao. Huwa ninao.

Lori la maziwa lilikuwa pale pale likipakia mikebe ya kupeleka Nakuru. Dereva wake, mzee Kipkorir, alisikia shida yetu, akafungua mlango wa mbele bila maswali. Chelangat akakaa nyuma, kati ya mikebe na Masinde. Mimi nikapiga magoti kwenye sakafu ya kabini, miguuni pa bibi harusi, nikakata lesi chafu, nikakunja pindo, nikashona. Maili kumi na moja za mashimo na sindano mkononi. Sikumchoma hata mara moja. Njoro ikapita, tukaingia mjini, nikauma uzi kanisa likiwa mbele yetu.

Cheptoo alikuwa mlangoni na kofia. Lori la maziwa likasimama. Jepkosgei akashuka, gauni juu kidogo ya kifundo cha mguu, kichwa wima. Micah alikuwa anangoja muda wa saa nzima na nusu. Alipomwona, akasahau kufunga mdomo. Walifunga ndoa. Hakuna aliyelala ubavu.

Jumapili, 27 Aprili

Wanawake watatu wameniuliza habari za gauni fupi. Wanadhani ni mtindo wa Nairobi. Nikasema ndio.

Chelangat alinisalimia. Salamu fupi, lakini salamu.

Ford bado iko joshoni. Nimeambiwa ng'ombe wanajikuna kwenye spesa.

Jumatano, 30 Aprili

Baba Achola amerudi. Akaweka kisanduku chake chini, akaenda mahali gari hukaa, akapazunguka kama mtu anayepima kiwanja.

Akauliza liko wapi. Nikamwambia shambani, linapumzika. Akauliza shamba la nani. Nikamweleza yote, kuanzia futi. Hakukalia kiti wala hakuvua koti. Alikunywa chai akiwa amesimama, akachukua boliti za zamani kwenye kopo, akaondoka kwa miguu kuelekea Njoro.

Ijumaa, 2 Mei

Amelileta. Magurudumu yamerudi ndani. Madigadi moja imepinda, rangi nyekundu imebaki kwenye habu. Fundi Kalasinga alimsaidia. Inasemekana hakucheka mpaka alipofika mbali.

Nilingoja kelele. Baba Achola hana kelele. Alikaa, akaangalia mikono yake, ile yenye alama za makaa ambazo sabuni haitoi.

"Kwenye injini mimi natia makaa," akasema. "Anayeendesha ni mtu mwingine. Miaka kumi na minne anayeendesha ni mtu mwingine. Hili gari dogo ndilo kitu pekee ninachoendesha mimi. Likilala ubavu, ni mimi nimelilaza."

Nililia. Naandika kwa kuwa ni kweli. Miaka yote nilidhani analipenda kwa sababu ni gari.

Nikaleta Biblia bila kuambiwa. Nikaweka mkono, nikaapa mbele yake na mbele ya Masinde kwamba sitagusa tena magurudumu ya gari lile, mbele wala nyuma, maisha yangu yote. Akasema inatosha. Akatoka, akapiga honi mara moja, kidogo, akaenda kulala.

Jumamosi, 3 Mei

Nimeamka na moyo mweupe. Kiapo ni kiapo. Sitagusa gurudumu.

Asubuhi alinipeleka sokoni. Niliangalia kwa makini sana jinsi anavyorushwa kila tukipita shimo, kichwa chake kinagonga dari, na yeye hasemi. Mtu wa namna hiyo, mwenye kitu kimoja tu cha kuendesha, anastahili kukaa juu, aone barabara. Shida si magurudumu kabisa. Nilikosea pale. Shida ni springi. Zimelala. Zikiongezwa mbili tatu kila upande, gari litasimama juu ya mfereji wowote.

Nimekisoma tena kiapo, kwa kuwa Masinde alikiandika. Springi hazimo.

Jumatatu anapelekwa Kisumu siku kumi.