Kiti Nambari Saba

Jumapili, 26 Julai 2020

Kanisa bado limefungwa kwa sababu ya ugonjwa. Misa tunaifuata kwenye simu ya mke wangu, Mama Merdi, iliyoegemezwa kwenye kopo la sukari. Padri Précieux huadhimisha na watu wachache: msomaji, mpiga kinanda, na Kasonde anayetunza kanisa. Leo ameongezeka mmoja. Paluku, yule mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu, aliyetoa jenereta ili misa isikatike katikati ya Baba Yetu.

Nilimtazama akitafuta pa kukaa. Kanisa zima tupu. Akachagua kiti changu.

Nambari saba, kando ya nguzo. Marehemu baba, fundi wa reli, alikikalia hadi alipokufa; mimi nimekikalia tangu hapo. Injili sikuisikia. Nilisikia mbao zikilia chini ya Paluku.

Baadaye akapiga simu mwanetu Merdi, aliyebaki kazini kwenye mgodi wa Kinsevere hadi mambo yatulie. Naye alikuwa akitazama. "Papa, juu ya nini Papa Paluku iko mu kiti yako? Banakubadilisha?"

Nikamwambia mtandao ni mbaya, nikakata.

Jumanne, 28 Julai

Nimempigia Padri. Nimemweleza kwa upole kwamba mtu wa umri wangu anastahili kuwa miongoni mwa wale wachache. Akajibu kwamba watu wa umri wangu ndio hasa wanaotakiwa kukaa nyumbani. Nikamwuliza umri wa Paluku. Akasema ataniombea.

Mama Merdi anasema Mungu yumo hata ndani ya simu. Nimekubali. Lakini na Paluku yumo, tena ndiye anayeonekana.

Alhamisi, 30 Julai

Mpango. Kiti kisichokuwepo hakikaliwi.

Nimemwambia Kasonde kwamba mguu mmoja unalegea, nakipeleka kwa seremala. Amenisaidia kukipakia kwenye kigari cha mkono. Akaniambia, "Papa Anaclet, bantu sawa weye banabakia kidogo." Kwa sifa hiyo nimeona haya hadi kwenye kona. Baada ya kona nimeona furaha.

Kiti kiko sebuleni. Mama Merdi amekizunguka, kisha akaniuliza nguzo nitaileta lini.

Jumapili, 2 Agosti

Nimefuata misa nikiwa kitini mwangu. Paluku amefika, akakuta pengo, na viti vingine vyote vikimngoja. Hakukaa. Amesimama kando ya nguzo misa nzima. Padri amemsifu mbele ya simu: ndugu huyu ameambiwa mahali hapo pana mwenyewe, na hataki kuchukua nafasi ya mtu. Sasa ndipo Paluku anakumbuka!

Watu wakatuma mioyo myekundu, ikapanda kwenye skrini kama mapovu ya sabuni. Mama Merdi naye alituma mmoja. Anasema kidole kiliteleza.

Jumatano, 5 Agosti

Paluku ameipa parokia kiti kipya cha mahameli nyekundu. Picha imetumwa kwa kila mtu.

Jioni, rozari kwa simu, kila familia katika kidirisha chake. Paluku akapiga magoti. Nami nikapiga magoti, nikainama chini kuliko yeye, paji la uso karibu na sakafu. Ndipo Mama Émerance, anayeongoza rozari, akanyamaza katikati ya Salamu Maria. Kiti nilichokuwa nimekiziba kwa mgongo wangu kilionekana chote: msalaba mweupe wa parokia, na chini yake nambari saba.

"Papa Anaclet," akasema, "ile kiti haiko ya kanisa?"

Nikasema seremala anachelewa. Kasonde, Mungu ambariki, akathibitisha: ni mguu. Paluku akauliza ni mguu upi, ili atume fundi wake.

Nimeazima msumeno kwa jirani.

Ijumaa, 7 Agosti

Fundi wa Paluku amekikagua. Anasema mguu umekatwa juzijuzi, na mtu asiyejua kukata. Ataunga, lakini hakitabeba mtu tena. Vitu vyepesi tu. Mama Merdi amerudisha msumeno kwa jirani. Marehemu baba angenionea aibu kwanza kwa ule mkato wenyewe.

Jumapili, 16 Agosti

Makanisa yamefunguliwa. Nimefika wa kwanza, barakoa imepigwa pasi. Paluku hayupo: yuko mpakani Kasumbalesa na malori yake. Kabla ya kuondoka aliagiza kile kiti cha mahameli nipewe mimi, kwa heshima ya umri wangu. Nimekikalia. Ni laini mno, inaudhi.

Nambari saba kimerudi kando ya nguzo. Juu yake wameweka simu, ili walio mbali waione altare. Padri akatangaza kwamba ndugu yetu Paluku anatufuata kutoka Kasumbalesa. Kanisa zima likakigeukia kiti cha baba yangu, likampungia Paluku mkono. Mimi nilikuwa pale pale, ubavuni. Hakuna aliyenipungia. Mtu aliyepo, nani atampungia mkono?

Sasa nimeelewa. Jumapili ijayo nitabaki nyumbani, nitajwe kwa jina. Na kwa kuwa rozari ya Jumatano bado ni kwa simu, haifai mtu anayetazamwa aonekane kwenye kigoda.

Nimemwambia Kasonde kwamba mguu wa kile cha mahameli unalegea. Mlango wa sebule nimeupima. Kinapita.