Magurudumu Sita ya Garimoshi la Marehemu Baba

Nyuma ya Msikiti,
Machakos Mjini.

Kwa Bwana Tariq Nurudin,
Mmiliki wa Magurudumu,
Syokimau.

Mdogo wangu mheshimiwa,

Assalaam aleikum. Nakuandikia kirasmi kwa sababu simu zangu hupokei, na kwa sababu jambo lenyewe limeshafika ngazi ya kuandikiwa barua. Linahusu lile sanduku la garimoshi dogo la kuunda, ambalo marehemu baba alilinunua kwa stesheni masta wa Athi River akaliweka juu ya kabati, akisema ataliunda siku atakapopumzika na duka. Hakupumzika.

Utakumbuka tulivyorithi. Nyumba tuligawana bila neno, duka pia, wewe na mimi mafungu mawili mawili na dada yetu Ruqaya fungu moja. Lilipofikiwa sanduku, sheikh alitushauri mmoja wetu alichukue na kuwafidia wenzake. Sisi tukajifanya tunaijua dini kumshinda yeye. Tukalifungua mkekani na kugawa kipande kwa kipande: mimi nikapata tangi la mvuke na bodi, wewe magurudumu yote sita na vyuma vyake, Ruqaya bomba la moshi na karatasi ya maelekezo. Halafu tukarushiana maneno juu ya skrubu, ukaondoka bila kunywa chai.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Garimoshi nimeliunda. Ruqaya alinipa fungu lake siku ile ile niliyomwomba, akaongeza na mahamri. Nimegundisha, nimepiga msasa, nimepaka rangi ya kijani na kurudia, kwa sababu mara ya kwanza nzi alitua. Lakini garimoshi lenyewe limekalia vibiriti, kama gari lililotelekezwa gereji. Jirani yetu Mutuku aliliangalia sana, kisha akaniuliza kwa heshima zote, "Mzee Abdul, hii jiko utaweka makaa wapi?"

2. Wewe unakaa Syokimau, ambako treni nzima, yenye abiria, inapita karibu na kwako asubuhi na jioni. Mji wa Machakos hauna treni hata ya dawa. Ile moja ambayo tungekuwa nayo iko sebuleni kwangu, na haiendi kwa sababu yako. Nimelipima jambo hili bila chuki na nimeona wazi kwamba anayeunyima mji huu reli ni wewe. Sijawaambia watu bado. Wananiuliza kwa nini sina raha, nawaambia ni meno.

3. Nimepata habari kutoka kwa mkeo Nuha, ambaye hana kosa lolote, kwamba magurudumu mawili umeyafunga chini ya pazia la bafu ili lisipeperuke, na jingine unalitumia kushikia funguo za gari. Magurudumu ya marehemu, bafuni. Yale matatu yaliyobaki hakuyataja, nami sikuwa na moyo wa kuuliza.

4. Sipingi kwamba magurudumu ni haki yako. Ila kwa kanuni hiyo hiyo, kuna vitu tulisahau kugawa. Picha yetu ya Idd, sisi watatu na baba katikati, bado ni nzima. Nimeishusha ukutani na mkasi uko tayari. Kwa kuwa wewe ni mtu wa vitu vya kutembelea, nitakutumia miguu: yako, yangu na ya Ruqaya. Ya baba sijajua nifanyeje. Nilimwendea sheikh kumuuliza, akaniambia nirudi nyumbani nikalale.

5. Tangu siku ile hujala Idd kwetu. Ruqaya bado anapakua pilau kwenye sinia la watu watatu, na ukimwambia apunguze anajifanya hasikii. Upande wako wa sinia ninaula mimi. Daktari amesema nimenenepa na presha imepanda. Nilipomweleza kwamba uzito huo si wangu, ni wa mdogo wangu wa Syokimau, aliniangalia vibaya. Hata hivyo uzito ni mali yako, na sioni kwa nini niendelee kukutunzia.

Ombi langu ni dogo. Nataka magurudumu tu. Usijisumbue kuja mwenyewe, najua una shughuli nyingi na Mombasa Road haina huruma. Yafunge kwenye kitambaa, uyatume kama mzigo, nami nitayapokea steji ya matatu. Sitaki maelezo, sitaki samahani, na sitaki uniletee kitu chochote kutoka supamaketi. Magurudumu, basi.

Nisalimie Nuha na watoto, mama mkwe wako na goti lake, na yule mlinzi wa geti lenu aliyenizuia kuingia siku niliyokuja kwenu, kwa kuwa hukupokea simu. Mwambie sina kinyongo naye, alikuwa kazini.

Ni mimi, nduguyo kwa damu ingawa si kwa magurudumu,

Abdulghani Nurudin,
Mmiliki wa Tangi na Bodi.

Baada ya sahihi: Magurudumu ninayo. Muthoka, fundi wa kufuli pale sokoni, alinichongea sita mwezi jana, akatia mota ndogo, akanikunjia na reli ya waya, na kusema kweli ni mazuri kuliko yako. Juzi nilitia betri na garimoshi likazunguka meza yote bila kuanguka. Nikapiga makofi, nikageuka kukuambia, "Umeona?" na sebuleni hamna mtu. Nimelizungusha tena na tena, na kila likimaliza ninageuka vile vile. Bakia na magurudumu yako, Tariq. Njoo wewe.