Kivuko Kilichopewa Mbele

Wananchi wote wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu saa moja kamili asubuhi, kivuko cha umma kitakuwa na Mbele. Tangazo hili linafuta hali iliyokuwepo.

Lilibandikwa kwenye gati zote mbili, ya upande wa ofisi na ya upande wa soko, likiwa na mihuri mitatu, maana jambo lenyewe halikuwa dogo. Kwa miaka ishirini na sita kivuko kile kilikuwa kikienda na kurudi bila kugeuka, kama droo ya meza. Kila ncha ilikuwa na mlango wake wa chuma wa kushukia, na kila ncha ilikuwa na usukani wake. Kikifika upande wa soko, nahodha alichukua chupa yake ya chai, akatembea hatua arobaini hadi usukani wa pili, akarudi alikotoka. Watu walipanda, wakashuka, wakaenda zao. Hakuna aliyejua kwamba wote walikuwa wakiishi bila mwelekeo.

Aliyeligundua hilo ni Mkurugenzi wa Idara ya Uvukaji. Asubuhi moja alikaa kwenye ncha iliyotangulia, akapigwa na upepo unaomstahili mtu wa ngazi yake. Jioni wakati wa kurudi akakaa palepale, na kwa mshangao mkubwa akajikuta wa mwisho kushuka, nyuma ya mkokoteni wa vitunguu. Kesho yake iliundwa Kamati ya Kubaini Mbele.

Kamati ilikaa hotelini siku kumi na nne, na haikukaa bure. Ilibaini kwamba kivuko kina ncha mbili, na kwamba kati ya hizo, moja haina budi kuwa Mbele. Ikachaguliwa ile inayoonekana kutoka dirishani kwa Mkurugenzi. Ikapakwa rangi nyekundu, ikatandikwa zulia, ikawekwa makochi sita. Ncha ya pili iliandikwa NYUMA kwa herufi za kadiri, isije ikajisikia.

Kisha zikaja kanuni. Wenye vyeo watakaa Mbele. Mabadiliko yoyote ya uelekeo yataanza kutumika siku thelathini baada ya kutangazwa. Hakuna abiria atakayeshuka kabla ya mwenye cheo. Mwenye cheo naye atashukia Mbele tu, na yeyote kati yao atakayetokea Nyuma atahesabika amejiuzulu kwa hiari yake, saini yake kwenye daftari la mlangoni ikiwa ushahidi. Kanuni hii ya mwisho Mkurugenzi aliitunga mwenyewe, kwa kuwa Naibu wake alikuwa na miguu myepesi na tabia ya kuwahi kushuka.

Utekelezaji alikabidhiwa Kaimu. Wakati huo alikuwa Kaimu Afisa Uelekeo. Kabla ya hapo alikuwa Kaimu Afisa Foleni, na kabla ya hapo Kaimu Msimamizi wa Kamba na Maboya, jumla miaka kumi na moja ya kukaimu bila kuthibitishwa hata kwa bahati mbaya. Mtaani walishasahau jina lake.

"Mtoto wa mwisho kaanza shule, sasa yuko darasa la tano," mkewe alimwambia akimnyooshea shati. "Baba yake bado anamshikia mtu nafasi. Huyo mtu atakuja lini?"

Kila alipouliza barua yake ya kuthibitishwa, Mkurugenzi alimjibu kwa upole uleule: "Kaimu si cheo, kijana. Ni matarajio. Subira huvuta heri." Kaimu alikuwa na miaka arobaini na sita. Lakini safari hii Mkurugenzi alifungua droo akamwonyesha bahasha. Barua ilikuwa imeshaandikwa na kusainiwa. Angekabidhiwa siku Waziri atakapokuja kuzindua Mbele, mambo yakienda sawa. Kaimu aliitaka barua ile kuliko kitu chochote chini ya jua. Usiku aliiota ikimpungia mkono.

Basi akaenda kumpa nahodha maagizo. Kazi hiyo ilikuwa na ugumu wake, maana nahodha alikuwa mdogo wa mama yake, tumbo moja.

"Mama mdogo," alisema, akausoma waraka akiwa amesimama wima, "kuanzia Jumatatu utakuwa unakigeuza kivuko katikati ya maji, kila safari, ili Mbele ifike kwanza."

Mama mdogo alimtazama kama anayemtafuta homa.

"Umekula wewe?"

"Nimekula, Mama mdogo."

"Basi si njaa. Mwanangu, chombo hiki hakina mbele. Kinakoelekea ndiko mbele."

"Hiyo ndiyo hali inayofutwa."

"Na mafuta je? Kukizungusha hiki kwenye mkondo ule kunakunywa mafuta ya safari tatu."

"Suala la mafuta limezingatiwa."

"Na nani?"

"Na Kamati."

"Kamati ina pipa?"

Kaimu alifungua waraka kuangalia. Kuhusu pipa haukusema.

Jumatatu saa moja kamili, utekelezaji ulianza. Kivuko kilitoka upande wa ofisi, kikafika katikati, kikaanza kugeuka polepole huku mkondo ukikisukuma ubavuni, baiskeli zikianguka na nyanya zikibingirika kutoka kwa mwenyewe kwenda kwa wenzake. Muuguzi wa zamu alishikilia nguzo kwa mikono miwili. "Tunaenda au tunarudi?" aliuliza. "Tunaelekezwa," alijibiwa na Kaimu. Safari ya dakika kumi ikawa ya dakika hamsini, na ripoti ya wiki ya kwanza ikaeleza kwa fahari kwamba muda wa wananchi kufurahia huduma umeongezeka mara tano.

Wapo waliokimbilia boti ndogo, zile teksi za majini zinazobeba watu wanane na kuondoka wakitimia sita. Boti hizo zilikuwa na mbele ya kuzaliwa nayo, iliyochongoka, ambayo hakuna kamati iliyoiruhusu. Idara ikaziagiza zikae mita mia mbili kutoka gatini, kwa kosa la kuwahi.

Ikafika siku ya uzinduzi. Upande wa soko kulikuwa na hema, zulia, kipaza sauti kinacholia chenyewe, na Waziri. Upande wa ofisi Mkurugenzi alipanda kivuko pamoja na Naibu na Kamati nzima, wakajipanga kwenye makochi, wakagawiwa soda, na baada ya soda maji ya chupa, na baada ya maji soda. Bahasha ilikuwa kwenye mfuko wa ndani wa koti la Mkurugenzi. Kaimu aliiona kona yake nyeupe ikichungulia. Nyuma yao walipanda wananchi mia mbili na ushei.

Walipofika katikati, kivuko hakikugeuka. Kilinyoosha moja kwa moja hadi gati ya soko, kikagusa kwa Nyuma, kikakohoa mara mbili, kikanyamaza.

Kaimu alipanda mbio kwenye chumba cha usukani. "Mama mdogo! Hujageuza!"

"Mafuta yamekwisha, mwanangu. Yaliyobaki nilichagua: tuzunguke au tufike."

"Kwa nini hukuomba mengine?"

"Fomu nilileta wiki iliyopita, nakala tatu. Iko mezani kwa bosi wako, ng'ambo ile. Inasubiri saini."

Aliposhuka, Mkurugenzi alikuwa ameshasimama, tai imenyooka, akiangalia mlango mwekundu wa Mbele ambao ulikuwa umefunguka kwa heshima zote kuelekea maji matupu.

"Kaimu, hii ni nini?"

"Ni bahari, bosi."

"Na gati?"

"Iko Nyuma."

Mkurugenzi alitazama kule Nyuma, hatua arobaini, wananchi mia mbili wakiwa wamesimama mbele ya mlango ulio wazi, na hakuna aliyethubutu kushuka kabla yake, kwa kuwa kanuni walishaijua kwa faini. Muuguzi alipaza sauti: "Bosi, shuka basi na sisi tushuke! Wagonjwa wananisubiri!" Mwenye nyanya akadakia: "Shuka baba, mlango hauumi!" Mkurugenzi alipiga hatua mbili, akaliona daftari la kujiuzulu likining'inia kwa mnyororo pale mlangoni na kalamu yake, akarudi kwenye kochi.

"Ubavuni je?" alinong'ona Naibu. "Kuna boti ndogo pale."

"Ubavu haujatambuliwa na kanuni," alisema Kaimu. "Na boti ziko mita mia mbili."

Kwenye hema Waziri alichoka kupunga mkono. Alikuwa mtu wa vitendo. "Kama Mbele haiji kwangu, nitaifuata mimi," alitangaza, kipaza sauti kikalia, akaingia kivukoni kwa mlango wa Nyuma pamoja na Katibu wake, Mshauri wake na mbeba mwavuli, watu wakimpisha huku wakimpigia makofi. Alimpa Mkurugenzi mkono. Alimpongeza. Aligeuka ili ashuke, na hapo Kaimu, kwa adabu, akamsomea kanuni.

Waziri alikaa kwenye kochi.

"Nani ametunga upuuzi huu?"

"Wewe ndiye uliyeidhinisha, Mheshimiwa," alisema Mkurugenzi. "Ukurasa wa tatu."

Walikaa. Jua lilipanda. Soda zilizobaki zilinywewa. Mkurugenzi alifikiri kwa bidii ambayo haikuwahi kuonekana ofisini, kisha akamwita Kaimu pembeni na kuchomoa bahasha.

"Chukua. Umethibitishwa. Afisa Uelekeo kamili, kuanzia dakika hii. Saini yako sasa ina nguvu. Tangaza kwamba Nyuma ndiyo Mbele, tushuke tukale."

Kaimu alichungulia ndani ya bahasha. Ilikuwa barua kweli, yenye muhuri, yenye jina lake lote, hata lile la babu. Alimfikiria mkewe na pasi yake, na tayari alikuwa ameshainyoosha mikono aipokee, aliposikia sauti ya Mama mdogo kutoka dirishani juu.

"Ukishakuwa na cheo, mwanangu, utashukia wapi?"

Mikono ilisimama hewani. Kaimu aliirudia kanuni kichwani, neno kwa neno, kwa kuwa yeye ndiye aliyeichapa. Mabadiliko ya uelekeo huanza kutumika siku thelathini baada ya kutangazwa. Mwenye cheo hashukii Nyuma. Akiipokea barua, atakuwa Afisa kamili kwenye zulia jekundu, na atakaa hapo mwezi mzima na hawa.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja, Kaimu alicheka mbele ya bosi wake. Kilikuwa kicheko cha tumboni, kikamtoka chote.

"Bosi, asante sana. Naomba niendelee kukaimu."

"Unakataa cheo?"

"Kaimu si cheo, bosi. Ulinifundisha mwenyewe."

Akampa mkono Waziri, akawapita wananchi mia mbili mmoja mmoja, akashuka kwa Nyuma akipiga mluzi. Daftari hakuligusa, maana hakuwa na cha kujiuzulu, na kanuni ya kusubiri haikumhusu, maana alikuwa kazini, si abiria.

Alipokanyaga gati ndipo alipogundua jambo. Mwongozo wa Idara unasema mkubwa akiwa nje ya kituo, aliye chini yake na yupo nchi kavu atakaimu nafasi yake. Alihesabu. Naibu yuko majini. Mkurugenzi yuko majini. Asiyekuwepo na lake halipo. Aliomba karatasi kwa mwenye nyanya, wa kwanza pale mlangoni, akapewa ya kufungia, akaandika juu ya goti: *Kanuni ya wananchi kusubiri wenye vyeo imesimamishwa. Kaimu Mkurugenzi.* Akaisoma kwa kipaza sauti, kikalia.

Watu walimwagika. Muuguzi alipita akikimbia na kumbusu Kaimu shavuni, mkokoteni wa vitunguu ukashuka ukiimba kwa magurudumu, baiskeli zikapiga kengele. Kaimu aliandika karatasi ya pili kuziruhusu boti ndogo zisogee gatini, si kivukoni, na moja akaituma ng'ambo ikalete fomu ya mafuta pamoja na mafuta yenyewe.

"Na sisi?" Mkurugenzi aliita kutoka kwenye makochi. "Kaimu! Tufutie na sisi ile nyingine!"

"Ile ina saini ya Waziri, bosi. Ya Waziri hufutwa na Waziri, ofisini kwake, kwa muhuri wake."

"Mimi hapa!" alisema Waziri.

"Muhuri je, Mheshimiwa?"

Saa moja ikapita. Ikapita ya pili. Wakubwa walianza kukaa kwa namna ya ajabu, mguu juu ya mguu, kisha mguu mwingine juu ya huo. Mshauri aliuliza choo kilipo. Aliambiwa kilikuwepo, kizuri tu, mpaka Kamati ilipokiong'oa kupisha makochi, kwa kuwa Mbele haiwezi kuwa na choo. Wajumbe wa Kamati waliangalia zulia. Chini ya kivuko maji yalikuwa yakigonga chuma taratibu, tiri, tiri, tiri.

Wa kwanza kukatika alikuwa Waziri. Alisimama, akasema "Wananchi wenzangu," na hakumaliza. Alitimua mbio. Nyuma yake Katibu, nyuma ya Katibu Naibu wa miguu myepesi, ambaye alimpita, kisha Kamati yote kwa mkumbo mmoja, makoti yakipepea, mbeba mwavuli akiwafuata na mwavuli uliofunguka kwa sababu hakuna aliyemwambia aufunge. Mlangoni Kaimu alikuwa amesimama na daftari.

"Saini, Mheshimiwa."

"Leta!"

Walisaini wote wakiruka kwa mguu mmoja. Mkurugenzi alikuja wa mwisho. Alisaini mara mbili, bahasha ikamdondoka, akaikanyaga na hakugeuka.

Mafuta yalifika dakika nne baadaye.

Upande wa soko foleni ya kuvuka ilikuwa imeshafika kwenye hema. Mama mdogo alichukua chupa yake ya chai, akaanza kutembea hatua zake arobaini kuelekea usukani wa pili. Alipofika kwa Kaimu alisimama, akalisoma daftari mstari kwa mstari kwa kidole.

"Wote hawa wamejiuzulu?"

"Kwa hiari yao, Mama mdogo."

"Kwa hiyo sasa wewe ni nani?"

"Bado ni kaimu."

"Kaimu wa nani?"

Kaimu alilifunika daftari akalitia kwapani. "Wa wote."

Mama mdogo alimtazama, akatafuta homa, hakuiona.

"Haya, Mheshimiwa," alisema. "Fungua kamba, watu wanataka kuvuka."