Kayaba za Mwalimu Gibson

Jumatatu, 6 Juni 1994

Mvua tangu saa nane. Habari kubwa! Bwana Kebaso, mkaguzi wa chekechea, atakuja tarehe 29 kuchagua mwalimu mkuu wa chekechea yetu ya kanisa hapa Boito. Ni mimi au Tabby Wacera. Tabby ana miaka miwili hapa. Mimi nina sita. Atakagua mambo mawili: kazi ya mikono ya watoto kutokana na vitu vya nje, bila kuharibu mazingira, na miche ya kayaba, ule mti wa miiba, tuliyootesha kwa ajili ya ua, maana mbuzi wa jirani wanaingia darasani kama waliolipiwa karo. Kila mwalimu ana kitalu chake na kibao chenye jina lake.

Nimemwambia mke wangu Nelvine aanze kuniita headmaster. Amekataa.

Jumanne, 7 Juni

Watoto wa Tabby wameokota vifuniko vya mbegu chini ya miti ya blugum. Wanatunga mikufu. Mikufu! Mimi nimebuni kitu cha maana: maneno PENDA MITI, herufi kubwa za majani juu ya katoni, gundi ya uji. Nikawatuma watoto wangu nje wakalete majani. Nikabaki kuchora herufi. Huenda nilisinzia.

Wakarudi na majani laini, ya kijani kibichi. Kila shina majani mawili na chipukizi katikati, kama chai ya kwao. Wakapanga foleni mbele ya meza yangu, kila mmoja na mfuko wake. Kipchoge, wa kwanza kwenye foleni, akauliza kwa heshima, "Mwalimu, mizani iko wapi?"

Nikakimbia kitaluni. Kayaba zangu zote zimechumwa vichwa. Mia mbili na zaidi! Wamechuma vizuri, hata karani wa kituo cha kununulia chai asingekataa jani moja. Za Tabby hawakuzigusa. Wamefunzwa nyumbani kwamba shamba la mwenyewe halichumwi. Nilitaka kuwagombeza, lakini niliwaambia walete majani, sikusema yaliyoanguka. Picha yenyewe imependeza.

Jumatano, 8 Juni

Nimejaribu kurudisha vichwa kwa uji. Havishiki.

Nikamweleza Nelvine. Alicheka hadi akaweka sufuria chini. Akasema mti ukikatwa kichwa hutanuka, kwani sijaona chai ya mama ilivyo? Nikamwomba aniache, nafikiria mambo ya kikazi.

Ijumaa, 24 Juni

Hali ni mbaya. Kayaba zangu ni fupi, zimetoa vitawi vinne vitano kila upande, kama ndevu za mtu aliyelazwa. Za Tabby zimesimama wima kama kwaya siku ya Krismasi. Tabby akaniuliza kwa upole kama zangu zinaumwa. Nikamjibu kwamba ni aina nyingine. Nina wivu, nakiri. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi leo zimenisimama. Vibao vyetu ni vya ukubwa mmoja.

Jumatano, 29 Juni

Nilifika shuleni saa kumi na mbili unusu asubuhi. Nikang'oa vibao, nikabadilisha. Dakika mbili. Nikanawa mikono na kuimba.

Bwana Kebaso akaanza na PENDA MITI, wazazi wakimfuata nyuma. Majani yamekauka, lakini herufi zinasomeka. Akauliza kama yaliokotwa chini. Nikasema ndiyo. Kipchoge akasema hapana.

Tukaenda kitaluni. Mkaguzi akapita miche mirefu bila kusimama. Akachuchumaa penye ile mifupi, akaipapasa, akasoma kibao. Akampa Tabby mkono.

"Hii ndio fence, Mwalimu. Umekata mapema, imejaa chini. Mbuzi atapitia wapi hapa?" Kisha akanigeukia. "Lakini hii yako imekonda, Bwana Gibson. Mbuzi anapita hata akiwa na mimba."

Ningesemaje ni zangu bila kusema habari ya vibao? Tabby akatazama kibao, akanitazama mimi. Akasema, "Bwana Kebaso, hiyo si yangu. Ni ya Mwalimu Gibson."

Mkaguzi akafurahi zaidi. Akawaambia wazazi watazame mwalimu mwenye unyenyekevu, anampea mwenzake sifa. Kipchoge akasema ni wao waliochuma, nami ndiye niliyewatuma. Mkaguzi akampapasa kichwa, akanisifu kwa kumsaidia mwenzangu kazi. Tabby ndiye mwalimu mkuu. Wazazi walipiga makofi, nami nikapiga. Imeniuma sana.

Ijumaa, 1 Julai

Mwalimu mkuu ameniita. Nilijua ni habari ya vibao. Hakuvitaja. Alisema tu kwamba nisimamie kupanda ua, kwa sababu miche ni yangu na mimi naijua. Nikaona aibu, kama nusu saa hivi.

Halafu nikaketi nikalichunguza kosa langu, maana mtu mzima lazima ajifunze. Nimeligundua. Nilibadilisha vibao viwili. Ningeandika jina langu kwenye vyote, ningeshinda upande wowote!

Muhula ujao Bwana Kebaso anarudi kukagua ng'ombe wa udongo, achague mwalimu wa kwenda kozi Kericho. Watoto wa madarasa yote mawili wameanza kufinyanga, na ng'ombe wanakauka pamoja kwenye bati moja nyuma ya jiko. Udongo ungali laini. Nimetafuta msumari mzuri. Leo nimeandika G kwenye matumbo ya ng'ombe sita, wote wa darasa la Tabby.