Ombi la Kukagua Kiganja cha Mama Mkwe

Kwa Mkuu wa Ofisi ya Vipimo na Mizani

YAHUSU: KIGANJA CHA MKONO WA KULIA KINACHOPIMIA CHUMVI BILA MUHURI

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba feni ya ofisini kwako imeshatengenezwa. Mimi ni mkaguzi wako wa mizani, Daraja la Pili, yule ambaye wenzake humwita Bwana Gramu wakidhani hasikii. Niko likizo ya siku ishirini na moja kumuuguza mke wangu. Naandika nikiwa jikoni kwangu, meza imejaa dengu, na naandika kwa masikitiko ingawa kwa heshima zote.

Mke wangu alilazwa wiki tatu kwa homa ya matumbo. Sasa yuko nyumbani, homa imekwisha, ila chakula hakimpandi. Daktari anasema dawa iliyobaki ni kula. Alipoingia hospitali alikuwa na kilo sitini na nane. Jana asubuhi, kwa mizani yetu ya nyumbani, kilo hamsini na tisa na robo. Ndugu Mkuu, mimi nimesoma mizani tangu ujana wangu, za wauza nyama, za posta, za malori ya mizigo, na sijawahi kuogopa namba hata siku moja. Hii naiogopa.

Kitu pekee anachokitaka ni mchuzi wa mama yake. Si mchuzi wa kwetu huu. Mama mkwe aliufundishwa na muuguzi mmoja kutoka kusini mwa India, walipopanga nyumba moja na kugombania jiko moja kwa miaka tisa mpaka wakawa ndugu. Wenyewe wanauita sambari: dengu zinachemshwa mpaka zipondeke, zinatiwa mboga, ukwaju na viungo vya kusaga, halafu zinaungwa kwa mafuta ya moto yenye haradali. Mke wangu amekua nao. Mama mkwe yuko mji mwingine, safari ya basi ya nusu siku, na sababu ya yeye kutokuwa hapa nitaieleza kwenye lalamiko la nne. Hapo naomba usome harakaharaka, maana sionekani vizuri sana.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Maelekezo hayana kipimo. Nilimpigia simu shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anitajie mapishi kama alivyoyapokea kwa mama yao. Kalamu ilikuwa mkononi, karatasi nimeshaipiga mistari. Akanitajia: dengu kiasi, mboga kiasi, ukwaju kiasi, manjano na giligilani kiasi, uwatu kidogo lakini usiogope, chumvi kiganja cha mama, na haradali ningoje mpaka ziseme. Nikamuuliza kiasi ni gramu ngapi. Akacheka, akasema, shem, kiasi ni kiasi, akakata simu. Nimehesabu: neno "kiasi" mara sita, gramu sifuri. Muuza sukari akinijibu hivyo sokoni, mizani yake nainyakua siku hiyohiyo, na wewe mwenyewe unaniwekea sahihi.

2. Kiganja si kipimo. Hili nimelifanyia utafiti. Nilizunguka jengo letu mlango kwa mlango na mfuko wa chumvi na mizani ndogo, nikiwaomba majirani wachote kiganja kimoja. Fundi cherehani wa chini alitoa gramu kumi na nne. Dereva wa lori wa ghorofa ya pili, thelathini na moja, na nyingine zikamwagika. Mwalimu alitoa kumi na saba, akaomba turudie kwa sababu alitaka kujua kama amefaulu. Mimi mwenyewe, ishirini na mbili. Mke wa dereva alikataa katakata, akasema habari za mwanamke wa mwisho niliyempimia chumvi zimeshamfikia. Nilichukua wastani, gramu ishirini na moja, nikazitia zote kwenye sufuria ya watu wawili. Mke wangu alionja kijiko kimoja, akanywa glasi mbili za maji, akaniambia asante. Heri angenitukana. Ile asante bado iko kifuani kwangu mpaka sasa.

3. Viungo vina matamshi. Siku ya pili nilijikaza kisabuni nikaanza upya. Dengu nilizichemsha vizuri, nikamwaga maji yake kama mtu yeyote mwenye akili anavyomwaga ya tambi, maana maji hayakuwa kwenye orodha. Uwatu nilitia vijiko vitatu, kwa sababu niliambiwa nisiogope. Kumbe hapo ndipo pa kuogopa. Mchuzi ulitoka mchungu kama kwinini, hata paka wa mwalimu aliunusa akaenda kukaa mbali na kuniangalia.

Siku ya tatu nikafika kwenye haradali. Nimeambiwa ningoje ziseme, nami ni mtumishi mtiifu, nikainama na sikio karibu na kikaango ili nisikie vizuri. Zilisema zote kwa mpigo. Nina madoa saba kwenye paji la uso na moja kwenye sikio lenyewe. Moshi ulifuka mpaka kwenye ngazi, fundi cherehani akapanda mbio na ndoo, hakukuta moto, akaona si vizuri kurudi na maji, akayamwaga.

4. Chanzo cha mgogoro. Miezi minane iliyopita tulikuwa kwa mama mkwe kwa chakula cha mchana, shemeji zangu wote wamekaa. Sufuria iko jikoni inatokota, na mama akaingiza mkono kwenye kopo la chumvi. Mimi kwa nia njema kabisa, Mungu ni shahidi, nilitoa mizani yangu ya mfukoni, nikaiweka pembeni ya jiko, nikamwomba aipitishe hapo kwanza. Mama alirudisha chumvi koponi, akanawa, akajifuta vidole kimoja kimoja, akasema: "Mkono huu ndio uliokulelea mke, baba. Siku ukiuona hauna kasoro, uniite." Hajaingia nyumbani kwangu tangu siku hiyo. Anapiga simu ya mke wangu, na nikipokea mimi anauliza kama mwenye simu yupo.

Nawe utauliza, mtoto wake anaumwa, mbona haji? Haji kwa sababu hajui. Mama ana presha, mke wangu amemwambia ni mafua. Na kumwita hataki. Anasema mama yake hataitwa na mtoto kwenye nyumba ambayo mkono wake ulidharauliwa na mwenye nyumba, na kwamba kuna neno moja tu la kumaliza jambo hili, nami nalijua. Nimelitafuta neno hilo kwenye Mwongozo wa Wakaguzi, toleo la zamani na jipya. Halimo.

5. Sheria iko upande wangu. Mama mkwe mwenyewe ametaja sharti: mkono uonekane hauna kasoro, ndipo aitwe. Mimi niko likizo, sina mamlaka ya kutamka kwamba chombo hakina kasoro. Mwenye mamlaka ni Ofisi. Kwa hiyo wa kumwita si mimi, Ndugu Mkuu, ni wewe. Kanuni inasema kila chombo kinachopimia chakula cha watu kikaguliwe kila mwaka na kupigwa muhuri. Kiganja hicho kimepimia watoto sita, wajukuu, majirani, na harusi tatu ninazozijua, kwa muda usiopungua miaka arobaini, na hakijakaguliwa hata mara moja. Ni mihuri arobaini hiyo imetupita. Nikisema ni uzembe wa Ofisi nitaonekana mkorofi, basi sisemi.

6. Hatari kwa vizazi vijavyo. Hapa naomba tuwe wakweli. Mama mkwe ana miaka sitini na nane. Kipimo pekee cha mchuzi huu kiko mwishoni mwa mkono wake, hakuna nakala, hakuna hata mchoro. Pale stoo kwetu tuna kilo ya shaba, ile ya kusahihishia mizani zote, ndani ya kabati la kioo, imefunikwa kwa kitambaa, na mtu haishiki bila glavu. Kiganja hiki, ambacho kikipotea hakuna duka linalokiuza, kinafua nguo na kubeba kuni. Ni sawa kweli? Mimi nasema kitunzwe. Na kwa kuwa kiganja hakitunziki bila mwenyewe, itabidi mwenyewe naye atunzwe.

Kwa sababu hizo naomba Ofisi imwandikie mama mkwe hati ya wito, afike yeye na kiganja chake kwa ukaguzi rasmi. Kwa kuwa ofisini hatuna jiko, naomba jikoni kwangu pateuliwe kuwa kituo cha ukaguzi. Zoezi lisipungue wiki mbili, maana kipimo kimoja hakitoshi, na kila sufuria ionjwe na shahidi asiye na upande, naye ni mke wangu. Mkaguliwa atalala chumba kile cha nyuma chenye dirisha la asubuhi. Godoro nimeshalianika na pazia nimelifua.

Naomba pia hati hiyo isitaje popote kwamba mimi ndiye niliyeiomba. Iandikwe tu kwamba Ofisi imesikia. Lugha iwe ya adabu, aitwe Mama, na mwishoni liwekwe neno lolote la kistaarabu ambalo Ofisi italiona linafaa, lile ambalo mtu humwambia mwenzake aliyemkosea. Mkiliandika nyinyi litakuwa na muhuri, litamfikia vizuri zaidi kuliko likitoka mdomoni kwangu, ambako limekwama miezi minane.

Mwisho, naomba Ofisi ipige marufuku neno "kiasi" katika majiko yote. Linavunja familia.

Nakuombea afya na mizani zisizotetereka. Nisalimie karani wa masijala, mlinzi wa geti, dereva na mgongo wake, na fundi wa mizani, mwambie chupa yangu ya chai naijua iko kwake na sina kinyongo.

Wako mtiifu,
Mkaguzi wa Mizani, Daraja la Pili (likizoni)

Baada ya sahihi:

Ndugu Mkuu, barua hii ilikaa hapa siku tano. Ingepaswa kuchanwa, lakini nilikuwa nimeshaipa namba ya kumbukumbu, na barua yenye namba haichanwi.

Nilimpa mke wangu akague tahajia. Aliisoma yote kitandani. Nilimsikia anacheka, mara ya kwanza tangu augue, akacheka mpaka akajishika mbavu, halafu akalia kidogo alipofika kwenye godoro na pazia. Akachukua simu, akabonyeza namba, akaniwekea sikioni, lile lenye doa la haradali. Nikasikia sauti inauliza kama ni mwenye simu. Nikasema, "Mama, ni mimi. Nisamehe."

Mama akauliza, "Maji ya dengu umeyamwaga?" Nikasema nimeyamwaga, mara tatu. Akaguna, akasema, "Nakuja." Kuhusu yale mafua, alisema amejua tangu wiki ya kwanza, mtu mwenye mafua haongei taratibu vile. Alikuwa anangoja aitwe.

Alifika kesho yake na kikapu cha mboga. Hakunisema hata kidogo, na hilo lilinitesa kuliko kusemwa. Alipofika kwenye chumvi ni yeye aliyesema niilete mizani. Kumbe kiganja chake ni kile kishimo cha katikati tu, si konzi nzima kama tulivyochota sisi wa jengo hili. Akaweka mara ya kwanza, gramu tisa. Ya pili, tisa. Ya tatu, nane. Nakiri mbele yako kwamba moyo wangu uliruka kwa furaha. Yeye anakoroga, hata hakugeuka, akasema niinue sahani ya mizani. Nikainua. Chini yake kulikuwa na punje ya dengu. Nikaitoa, nikarudishia, ikasoma tisa. Mizani hiyo ina muhuri, na muhuri nimeupiga mwenyewe.

Kwa hiyo naomba hati ya wito isitolewe, ombi langu lote lifutwe, na kama kuna chombo cha kukaguliwa, kipo kwenye droo yangu ya kushoto. Naomba pia niongezewe siku saba za likizo. Mke wangu anakula mara tatu, na jana aliomba ukoko wa sufuria.

Leo asubuhi nilimletea mizani ya kusimamia, lakini mama akaisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Alimshika mwanawe mkono, akauminya juu ya kiwiko, akasema ameongezeka. Nikamuuliza ameongezeka kwa kiasi gani. Akasema, "Kiasi."

Nimeandika hivyo kwenye daftari, na nimetia sahihi.