Magunia Mawili Bondeni

Jumatano, 9 Aprili
Mjukuu wangu kajifungua! Binti! Yuko ng'ambo ya bonde. Kasema bibi atakayefika kwanza ndiye atakayempa mtoto jina. Maneno gani hayo ya kuwaambia wazee wawili! Maana bibi mwingine ni yule ninayemwita Miwani, wa upande wa mume, na majina yake nayajua, yote ya kujisifu. Atazunguka njia ya mlimani, kutwa nzima. Mimi nakata bondeni. Bonde limejaa maji? Na lijae. Barabara ile nimeikanyaga miaka arobaini.

Alhamisi, 10 Aprili
Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ana gari. Kasema, kwa adabu zake, mama tusubiri maji yashuke, gari huelea. Chuma kielee! Mwanamume mzima na ndevu zake! Hata hivyo mimi si mjinga. Nimeagiza magunia mawili ya mahindi yatiwe kwenye buti. Gari likanyage chini kwa heshima.

Ijumaa, 11 Aprili
Mungu wangu. Maji!
Tuliingia taratibu. Katikati injini ikakohoa, kimya. Kisha gari likanyanyuka. Naapa! Magunia mawili, mkwe, na mimi ambaye si mwepesi, sote juu kama ganda la karanga. Likageuka polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Mlango haukufunguka, maji yameuegemea. Barabara yangu nayo haikuwepo, kipande kizima kimemezwa! Tukatokea dirishani. Mkwe akanibeba mgongoni. Mimi! Mgongoni kwa mkwe! Naye anasema pole mama, shika shingo mama. Nyuma yetu gari likaenda zake bila dereva, mpaka mti ukalizuia. Nami aliponishusha nilisimama kwenye maji yale. Hayakunifika kiunoni. Hayakunifika kiunoni!

Jumamosi, 12 Aprili
Gari limevutwa. Fundi kasema injini imekunywa maji, vyuma vya ndani vimepinda. Nikamwambia nionyeshe. Nimekishika kwa mikono miwili, chuma kinene kuliko kidole gumba, kimekunjika. Na maji ni haya haya ninayooshea vyombo! Leo nimetazama karai muda mrefu.
Binti yangu kaniuliza, mama, ungemwacha mume wangu afie huko? Nikamgombeza kuhusu chumvi ya mchuzi.

Jumapili, 13 Aprili
Miwani kakwama mlimani! Ukingo umeporomoka mbele yake. Mtoto bado hana jina!
Nimemwambia mkwe twende tena. Kasema hapana, mama. Hapana! Miaka kumi na tisa sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. Basi nimekwenda kwa dereva wa trekta. Trekta ni refu, si kama kile kikopo cha mkwe. Naye kaanza: bibi, maji yale ni hatari, huyajui.
Siyajui? Nimemwambia awashe. Mimi na maji yale tumeshafahamiana.